Vigoda Vinne vya Mwanamvua

"Rudia ulichosema msikitini," Rukaya alisema.

"Tumekuja Mzenga kumsalimia mama, mpenzi, si kufanya mdahalo."

"Rudia, Latifu."

Ijumaa iliyopita, kwenye msikiti wa Mkuza, vijana walijadili kama nchi zenye sheria za jinai za Kiislamu zizirekebishe. Ustadhi Latifu alipinga, akashangiliwa.

"Nilisema mwanamke akidai kabakwa, alete mashahidi wanne. Akikosa, kakiri zinaa."

"Nikiumizwa mimi, nitawatoa wapi?"

"Wewe hayakufiki."

Rukaya aliivua pete ya uchumba, akaifumbata. Harusi ilipangwa kufanyika Jumapili.

Jua lilikuwa linazama. Mama Hajra, mama yake Latifu, akatoka na vigoda vinne, akavipanga kuelekea kisimani.

"Shikamoo, mama. Nikusaidie?"

"Marahaba, mwanangu. Kaa mkekani. Hivi vina wenyewe."

"Mazoea yake ya kila Alhamisi," Latifu alinong'ona. "Tangu dada afariki."

Rukaya aligusa kigoda cha kwanza. Kilikuwa na joto, kama mtu kainuka sasa hivi. Cha pili, joto. Cha tatu, joto. Cha nne kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Mama, wenyewe ni akina nani?"

"Mashahidi wa Mwanamvua. Watatu amewapata huko aliko, wa nne bado. Binti yangu alibakwa akitoka kuchimba mihogo. Baba yake akamwambia, lete wanne. Akatoka kuwatafuta. Tukamkuta kisimani."

"Mama, si mlisema aliteleza?" Latifu aliuliza.

"Baba yako ndiye aliyesema. Mimi nilinyamaza."

Ndoo ikagonga ukuta wa kisima. Upepo haukuwepo.

"Anauliza kama wametimia," mama alisema, kama anayemtaja jirani.

Rukaya aliiweka pete juu ya kigoda baridi.

"Kwenye Kurani, wale wanne anadaiwa anayemtuhumu mwanamke uzinzi, Latifu. Ninyi mmemgeuzia aliyeumizwa. Mimi siolewi na mtu wa kunituma kisimani."

Ndoo ikagonga tena.

Latifu alitoa simu, akarekodi sauti kwa kundi la msikiti:

"Asalaamu alaikum. Niliyosema Ijumaa nayafuta. Dada yangu Mwanamvua alibakwa, hakuzini. Mimi ni shahidi wake."

Akatuma. Akaichukua pete, akakaa kwenye kigoda cha nne.

Rukaya akamnyooshea kidole cha pete.

"Nivalishe."

Kisima kilikuwa kimya. Mama Hajra akainama ukingoni.

"Wametimia," aliita taratibu. "Lala sasa, mwanangu."