Maneno ya Besi

Kila siku akitoka shule, Aurelia alipita kwanza kumjulia hali babu yake, Mzee Dionisi, ndipo aende ofisi ya parokia. Mwaka huo wa 1997 Ifakara nzima ilizungumzia kompyuta ya parokia, na ambao hawajaiona ndio waliokuwa na habari zake nyingi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba. Wimbo wangu umefika wapi?"

"Imebaki besi tu."

Mzee alikohoa, kisha akatabasamu. Alikuwa amefundisha kwaya miaka arobaini, na sasa mapafu yalikuwa yakimwacha. Wimbo wake wa mwisho, alioutunga kwa penseli kitandani, alitaka kuusikia kwa sauti zote nne kabla hajafumba macho.

Sista Theodosia alikwisha kupanga nota kwenye kompyuta. Kazi ya Aurelia ilikuwa kuandika maneno, silabi moja chini ya kila nota, sauti kwa sauti. Ijumaa hiyo wenzake walicheza rede nje, kelele zikimwita. Basi hakuusoma tena mwandiko wa babu. Alinakili maneno ya soprano, akayabandika kwenye besi.

"Umelinganisha na karatasi ya Mzee?" Sista aliuliza.

"Ndiyo, Sista. Mstari kwa mstari."

Sista alimwamini, akachapa.

Waimbaji wa besi walikuwa wakija kutoka Idete kwa baiskeli, Jumamosi tu. Kesho yake walipoanza kuimba uani kwa Mzee, maneno yao yalizidi nota.

"Haya ni maneno au magunia ya mpunga?" alitania Kassian, mkubwa wa besi. "Tunashindilia, yanamwagika!"

Watu walicheka. Kisha mama mmoja akanong'ona, "Msimcheke. Ugonjwa umemchanganya Mzee wa watu."

Kicheko kikakatika. Ili wasimwaibishe, waliuacha wimbo ule, wakaimba wa zamani. Aurelia aliinama. Dirishani ilisikika sauti dhaifu: "Na wangu je?"

Jumatatu Aurelia alishindwa kula. Alimweleza Sista yote akilia, akafungua kompyuta, akaandika upya. Katika mwandiko wa babu soprano waliimba, "Nivushe, Bwana, maji yamejaa", na chini yao besi walikuwa wapiga makasia: "Vuta, ndugu, vuta." Alilinganisha mara tatu. Kisha akaenda kupiga magoti kando ya kitanda.

"Babu, nilidanganya. Wanadhani umekosea wewe, kumbe ni mimi."

Mzee alimshika kichwa. "Jumamosi watarudi, mchumba. Waambie wasivute kwa nguvu sana. Nimekonda, mtumbwi ni mwepesi."

Alifariki Alhamisi alfajiri.

Jumamosi, makaburini, Aurelia alisimama mbele ya umati uliojaa. "Babu hakuchanganyikiwa," alisema. "Maneno ya besi niliyaharibu mimi, nikanyamaza." Kassian alivua kofia. Kisha besi wakaingia, taratibu: vuta, ndugu, vuta. Hata waliokuja kwa umbea tu walilia.

Njiani Sista Theodosia alimshika mkono.

"Sista, wameimba vizuri," Aurelia alisema. "Lakini yeye hakusikia."

"Hakusikia, mwanangu. Sitakudanganya ili upoe. Karatasi tumeirekebisha, na jina lake umelisafisha. Hilo umefanya vema. Ila Jumamosi ile haichapwi upya. Kila mtu hukosea kazini. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati anayengoja bado yupo."