Kete ya Kijani

Jumamosi ilikuwa na ratiba yake nyumbani kwa Bibi. Asubuhi ni kufua, mchana ni kudeki, na jua likianza kupoa makochi husogezwa ukutani ili sebule ipate pumzi. Ndipo watu huanza kuingia: Mjomba dereva na mkewe na watoto wao, Mama Mdogo muuguzi na pacha wake wasiojua kutulia, na wengine ambao hata hodi hawabishi kwa sababu ni kwao. Familia kubwa, sebule ndogo, lakini walienea.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja tu. Mwenye zamu ndiye anayetandika mkeka, na anayetandika mkeka ndiye anayechagua mchezo. Akisema karata, ni karata. Akisema nyoka na ngazi, hakuna ruhusa ya kununa. Zamu ilimzungukia kila mtu, kuanzia Bibi mpaka pacha.

Aliyeisubiri zamu yake kuliko wote alikuwa mjukuu aliyeishi hapo hapo kwa Bibi pamoja na mama yake. Alikuwa darasa la sita, na Mjomba alimpa jina la Cherehani kwa sababu mdomo wake ukishaanza hausimami mpaka uzi uishe. Jina likamkaa, tena katika nyumba ya fundi. Bibi alikuwa fundi wa kushona, na nusu ya watoto wa mtaa ule walivaa sare zilizopita mikononi mwake.

Jumamosi moja mchezo ulikuwa ludo. Cherehani alikuwa na kete za kijani, Bibi alikuwa na za buluu. Kete ya mwisho ya Cherehani ilibakiza hatua chache tu iingie nyumbani, na mwenyewe alishaanza kujisifu. Bibi akatupa dadu, akanyoosha mkono, akaisogeza ile kete ya kijani kana kwamba ni yake, akamla Mjomba nayo.

“Bibi, unaiba,” Cherehani akasema, na sauti yake ilijaa sebule nzima. “Hata wiki ile nilikuona. Unaiba kila siku.”

Mama alimkata jicho, lakini neno likishatoka halirudi. Bibi aliitazama kete mkononi, akaigeuzageuza, akacheka kicheko kifupi ambacho hakikuwa chake. Akasema labda ni uzee, akainuka kwenda jikoni kuangalia maharage ambayo yalikuwa yameshaiva na kuepuliwa.

Jumamosi iliyofuata Bibi alisema mgongo unamuuma. Iliyofuata tena, akasema ana nguo za watu za kumaliza. Alikaa chumbani kwake, vicheko vikimfikia kupitia pazia. Mkeka ulijaa watu, lakini nafasi yake pale karibu na mguu wa meza ilibaki wazi na hakuna aliyeikalia. Cherehani aliiona, akajiambia kuwa mwizi akishikwa lazima aone haya. Ilibidi ajiambie hivyo mara nyingi, maana moyo wenyewe ulikuwa haukubali.

Hatimaye zamu yake ikakaribia. Alishaamua zamani: utachezwa mchezo wa herufi, ule wa kupanga vigae vidogo vidogo mpaka vitoe neno. Binamu yake mkubwa, aliyeitwa Profesa kwa ajili ya miwani yake, alikubali kumwazima. Wachezaji ni wanne tu, maandishi ni madogo kama sisimizi, na pacha hawajui kusoma. Shauri yao. Cherehani alikuwa bingwa wa imla darasani, na alitaka ushindi.

Alhamisi alivaa sketi ya shule ambayo Bibi alikuwa ameikunja pindo jana yake. Kabla ya kipindi cha kwanza kuisha, wasichana wa nyuma walikuwa wameshika mbavu kwa kicheko. Sketi ilikuwa ya buluu, na pindo lote, mwanzo mpaka mwisho, lilishonwa kwa uzi wa kijani kibichi. Siku nzima Cherehani aliketi akiwa ameikusanya sketi magotini. Alirudi nyumbani amefura, maneno yamejipanga foleni mdomoni.

Alimkuta Bibi kwenye kigoda, amegeukia dirisha. Sindano mkono huu, uzi mkono ule, na uzi unapita pembeni kila mara.

“Afadhali umekuja, mke mwenzangu,” Bibi akasema. “Nitungie.”

Cherehani akamtungia, kama alivyokuwa akimtungia karibu kila siku tangu mvua zilizopita. Na hapo, sindano ingali mkononi, foleni yote ya maneno ikamkwama. Huyu ndiye Bibi aliyewahi kufumua gauni zima la bibi harusi kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda. Bibi huyu kushona buluu kwa kijani? Hata kwa ndoto asingekubali. Cherehani akachukua nyuzi mbili kwenye kopo, akazilaza kwenye kiganja cha Bibi.

“Bibi, wa buluu ni upi?”

Bibi alizisogeza karibu na pua, akazielekeza kwenye mwanga, kisha akaziweka mapajani.

“Siku hizi, zote naziona kama chai ya maziwa,” akasema.

Masikio ya Cherehani yakapata moto kwa aibu. Aliikumbuka kete ya kijani, akakumbuka mgongo unaouma na nguo za watu zisizoisha. Akapiga magoti pale pale sakafuni.

“Nisamehe, Bibi. Nilikuita mwizi mbele za watu, na wewe ulikuwa huoni.”

Bibi akamvuta kichwa mpaka kikamlalia magotini, akamwambia yameisha. Ila alimwomba jambo moja: asimwambie mtu. Wakijua, watamfunikia cherehani yake shuka na kumkalisha kwenye kiti kama sanduku la nguo za zamani, na fundi asiyeshona ni nani tena? Cherehani alitaka kubisha. Lakini aliona jinsi Bibi alivyolikumbatia kopo la nyuzi, akaahidi, shingo upande.

Siku iliyofuata alimrudishia Profesa mchezo wake wa herufi, na Profesa akamuuliza kama ana homa. Alichofanya baada ya hapo kilimshangaza hata mama yake: aliomba kadibodi pana dukani, akachora ubao mpya wa ludo wenye miraba mikubwa, na juu ya kila mstari akagandisha uzi kwa gundi mpaka kidole kikipita kinahisi. Halafu akapekua nyumba nzima akitafuta kete.

Jumamosi ilipofika, alitandika mkeka, akaenda kusimama kwenye pazia la Bibi. Bibi alianza habari za mgongo. Cherehani akamshika mkono. Aliweka kifungo kikubwa cha koti kwenye kiganja cha Bibi.

“Hii ndiyo kete yako,” akamwambia. “Wengine wana maharage, wana vizibo vya chupa, wana bobini za nyuzi. Mwenye vifungo ni wewe peke yako.”

Bibi alikipapasa kile kifungo, akapita na kidole kwenye matundu yake manne. Kisha akatafuta kanga yake, akajifunga vizuri, akatoka.

Mkekani Cherehani aligawa nyumba nne, kila nyumba na watu wake. Mdogo atatupa dadu na kutaja namba kwa sauti, mkubwa atasogeza kete, wengine ni washauri na wagomvi. Hakuna aliyebaki nje. Pacha walitupa dadu kwa nguvu mpaka likaingia chini ya kochi, na mke wa Mjomba, ambaye kwa kawaida huishia jikoni, siku hiyo aligombana na mumewe kwa ajili ya punje ya harage. Bibi aliketi kwenye nafasi yake karibu na mguu wa meza, vidole vyake vikitembea juu ya nyuzi, akihesabu miraba bila kukosea hata mmoja. Vidole vya fundi havisahau kazi.

Katikati ya mchezo, Mjomba akauliza, “Lakini kete zetu nzuri zina kosa gani, mpaka tucheze na mboga?”

Wote wakamgeukia Cherehani. Akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa ameahidi. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuiona cherehani ile ikisimama na uzi bado upo, na machozi yakaanza kumlengalenga. Bibi hakuyaona machozi, lakini alimjua mjukuu wake, na kimya kile kilimwambia yote.

“Mwacheni mtoto,” akasema. “Ni mimi. Sioni vizuri.”

Akawaeleza yote, tangu nyuzi hadi ile kete ya kijani. Mama Mdogo aliinuka, akampeleka dirishani, akamwinua kidevu. Akamtazama jicho hili, akamtazama na lile, kisha akasema kwa upole kwamba inaonekana ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, na kwamba unatibika hospitalini. Akamuuliza kwa nini amekaa kimya muda wote huo. Bibi alipotaja hofu ya kufunikiwa cherehani shuka, Mjomba akauliza kama kuna mtu ana wazimu humu ndani, na suruali zake nani atazipunguza. Bibi alicheka, safari hii kwa kicheko chake mwenyewe, huku anafuta macho kwa pembe ya kanga.

Alitibiwa jicho moja kwanza, halafu la pili. Siku daktari alipomruhusu kushona, alitunga uzi mwenyewe, mara moja tu, akalifumua pindo la kijani na kulishona upya kwa buluu. Cherehani alikaa miguuni pake akitazama.

Zamu ya Bibi ilipofika, alitandika mkeka na kuomba ludo, tena kwa kete za rangi. Akatupa dadu, akahesabu polepole, akasimama juu ya kete ya Cherehani.

“Hii naiona vizuri kabisa,” akasema. “Ni ya kijani, ni yako, na ninaila.”

Sebule nzima ikaangua kicheko. Cherehani alirudi mwanzo kabisa wa ubao, na hakuwahi kufurahia kushindwa kama siku ile.

Walipokuwa wanakunja mkeka, Bibi alimshika bega. “Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua,” akamwambia. “Mimi niliyaficha, nikajinyima mkeka huu. Nawe uliona kosa, ukahukumu kabla ya kuuliza. Sote wawili tumejifunza. Ila siku ya zamu yako uliangalia nani atabaki nje, ukamtafutia kifungo. Uchague hivyo kila siku, mke mwenzangu, hata nisipokuwepo.”

Cherehani akaitikia, akaubeba mkeka na kuusimamisha kwenye kona yake.