Mitawanda Gizani

Dada, Mungu anisamehe, ni mimi niliyewaambia akina mama wa kanisa letu hapa ughaibuni, Mount Druitt, kwamba Shirleen ni wa ukoo wa watumwa. Tangu hapo hakuna anayekaa naye.

Jumapili moja, alivyonisimulia baadaye, alirudisha sufuria stoo ya kanisa peke yake, taa zikazimika. Akasikia mitawanda, vile viatu vya mbao, ko, ko, ikimjia gizani. Mama wa nyanya yake alikatazwa viatu utumwani. Alipopata uhuru kule Rabai, kwenye misheni ya watumwa walioachwa huru, alilala na mitawanda miguuni.

"Mama wa nyanya, ni wewe?" Shirleen akauliza.

Hatua zikasimama kando yake, kuume. Taa ziliporudi, hakukuwa na mtu.

Jumapili iliyofuata nilikalia kiti kitupu cha kuume kwake, nimwombe radhi. Kilikuwa na joto.

Dada, nakuomba ukae naye. Kaa kushoto.