Mgeni wa Shamimu Kutoka Kordoba

Apa kwanza. Sema wallahi hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri. Mimi niliyesimuliwa nami niliapishwa, tena kwa msahafu, na tazama sasa.

Shamimu wa Evere, pale Brussels, yule aliyekulia Buyenzi, Bujumbura, na leo anayaonea kinyaa maji ya bomba, alikwenda Uhispania, mji wa kale wa Kordoba, kutembea tu. Akarudi na kofia pana na mdomo mpana zaidi. Barabara nzima ya Chaussée de Wavre, penye maduka yetu, ilihutubiwa: vichochoro vyeupe, vyungu vya maua ukutani, na jinsi sauti ya mwanamume asiyeonekana ilivyomtolea salamu kwenye kichochoro kitupu.

"Nikamuitikia," alisema akijipepea. "Nikamwambia karibu kwetu Brussels. Watu wa heshima wanatambuana."

Heshima! Mpumbavu gani huikaribisha sauti isiyo na miguu?

Mkwewe Nadia, mke wa mwanawe, aliyewapikia wote mle ndani, ndiye aliyeanza kuona. Harufu ya maua ya michungwa jikoni, katikati ya Desemba. Nyama ikipungua sufuriani, mifupa ikibaki imelambwa. Kisha jioni moja, Shamimu akikoroma chumbani, zikasikika nyayo koridoni, za mtu anayetalii, anasimama, anatazama picha ukutani, anaendelea, na Nadia kaganda na mwiko mkononi, hapumui, maana jikoni hakuna mlango mwingine na nyayo zinakuja, polepole, kama za mwenye nyumba.

"Maman, kuko mutu humu ndani," Nadia alimnong'oneza Shamimu asubuhi.

"Kuko mwizi. Nyama unapelekea mama yako. Bon, dimanche wageni wanakuja. Nitakusema mbele yao, na mwanangu Shafii atakurudisha kwenu."

Shafii alikuwepo. Akatazama soksi zake. Mwanamume huyo!

Jumapili sebule ikajaa, na maalim Abdul-Aziz akakalishwa penye heshima. Sinia la pilau likawekwa katikati.

"Nadia, mikono juu ya meza," Shamimu akaamuru. "Watu waione mikono ya mwizi."

Nadia akaiweka. Harufu ya michungwa ikajaa sebuleni. Chini ya kwapa la Shamimu, mikono yake miwili ikiwa kiunoni kwa maringo, ukachomoza wa tatu, mrefu, mweupe, wenye pete, ukanyakua paja la kuku mbele ya macho yote.

"Audhubillahi! Mwizi huyu hapa!" Maalim akaudaka kifundoni, mafuta yakichuruzika, akavuta kwa nguvu zake zote, na ubavu wa Shamimu ukavutika pamoja nao.

Aliyepiga yowe ni Shamimu.