Faili Lililoshikwa

Hesabu ya watumiaji ilikataa kufika sifuri. Kompyuta zote za ofisi zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo, lakini seva ya mafaili ilishikilia kwamba bado kuna mmoja, na ameshika faili moja. Fundi wa programu aliangalia jina la kompyuta iliyolishika. Ilikuwa ya marehemu mumewe, nayo ilikuwa kabatini nyumbani, haina hata betri.

Kosa alilipata siku hiyo hiyo, ndani kabisa kwenye kiini cha mfumo. Mtu akifungua faili, seva humhesabu, akiondoka, humfuta. Lakini mtandao ukikatika ghafla, programu ilikatiza kazi bila kumfuta. Mstari mmoja tu wa msimbo ulikosekana. Na mumewe alianguka akafa akiwa kazini, ofisi hiyo hiyo, akaangukia waya wa mtandao ukachomoka.

Mstari hakuuandika. Alimwambia bosi bado anatafuta, na seva ikawa inajaa watumiaji wasiofutwa na kuzimika kila baada ya siku mbili. Bosi akatania kwamba imepandwa na pepo, yeye hakucheka. Kila mchana wenzake wakienda kula, kiti cha marehemu kilinesa, harufu ya dawa yake ya kifua ikampitia shingoni, na vitufe vya kibodi iliyobaki mezani kwake, visivyoguswa na mtu, vikaanza kujigonga, taratibu kwanza, kisha haraka, kisha kwa pupa ya mtu anayefukuzwa, mpaka wenzake waliporudi na mlango ukafunguliwa na kila kitu kikatulia. Alikuwa akiogopa, na alikuwa akiisubiri saa hiyo.

Wiki ya tatu alimnong'oneza mama mkwe habari hiyo yote. Mama akamvuta karibu.

"Kama ni jini, mwanangu, mtoe. Kama ni yeye, mwache akapumzike. Vyovyote iwavyo, kazi hiyo ni yako."

Kesho yake mchana aliuandika mstari ule, machozi yakidondokea vitufe. Kiti kilinesa mara moja. Hesabu ikaonyesha sifuri, harufu ikakatika, na upweke ukamjaa kifua kizima.

Faili sasa lilikuwa huru, akalifungua. Lilikuwa limehifadhiwa dakika chache tu zilizopita. Ndani mlikuwa na mstari ule ule aliotoka kuuandika, umeanzwa mamia ya mara na kukatikia katikati, na chini kabisa maneno haya:

"Mke wangu, siwezi kuumalizia. Niachilie, nimechoka."