Nusu Mstari Mbele ya Kadhi

"Durra, huyo si Khalaf wako? Si ulisema yuko Balansia?"

Durra alimkanyaga mguu shoga yake Hamduna, anyamaze. Barua aliyoipata juzi bado ilikuwa kifuani mwake: "Niko Balansia, mpenzi. Makomamanga yakiiva, nakuja kukuoa." Kumbe yuko hapa hapa mjini Shatiba, bustanini kwa kadhi, kavaa joho jipya, anamposa Sumayya binti kadhi kwa mashairi!

Khalaf akakohoa, akaghani:

"Nimekesha dirishani, taa imenichekea,
Nikitazama majini, jina lako laelea."

Watu wakashangilia. Mistari hiyo aliitunga Durra, akaiandika kwenye karatasi ya kiwanda cha baba yake, akampelekea Khalaf wiki ile yeye Durra alipougua kwa kumkosa.

"Kijana una moyo!" kadhi akasema. "Sumayya mwanangu, mjaribu."

Shatiba hakuna mkwe mshairi asiyejaribiwa. Unapewa nusu mstari, unaumalizia papo hapo kwa kina kile kile. Sumayya akatabasamu, akatoa nusu yake:

"Yametoka moyo gani..."

Khalaf akakohoa tena. Akatazama juu, akatazama chini. Kisha macho yakamwangukia Durra, aliyezoea kumtungia, upande wa wanawake. Midomo ikacheza bila sauti: nisaidie.

"Usithubutu!" Hamduna akanong'ona.

"Namsaidia," Durra akajibu, akasimama.

"...wangu, yeye kapokea!"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Binti, unasema nini?" kadhi akauliza.

"Namalizia mstari, baba kadhi. Mwenye ubishi asome barua yake hii."

Sumayya akaipokea barua, akasoma, akamgeukia mposaji wake. "Makomamanga yakiiva? Mbona mimi umeniambia tini?"

Vicheko vikalipuka. Khalaf akamsogelea Durra, jasho likimtiririka.

"Durra, mpenzi, nilitaka cheo tu. Moyo wangu uko kwako."

"Ungeoa mwingine ningelia, nikanyamaza. Lakini kumtongoza mwenzangu kwa machozi yangu mwenyewe? Hata kulia umeshindwa kulia mwenyewe, Khalaf?"

Khalaf akarudi nyuma, akikanyaga joho lake jipya.

"Dada," Sumayya akaita, "yapo mashairi mengine?"

"Yapo arobaini."

"Njoo ukae hapa uyasome. Na wewe kaka, mlango ule pale."

Durra akaketi. Beti tatu za mwanzo sauti ilimtetemeka. Ya nne haikutetemeka.