Pini ya Arobaini

Kila jioni shule ilipofungwa, Kasuku alikuwa na njia moja tu: kwa shangazi yake fundi cherehani, chumba cha nyuma, mlango wa bati. Jina la Kasuku hakupewa na wazazi. Lilimwangukia alipokuwa darasa la kwanza, kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo. Habari zote za shule zilimfikia shangazi kabla hata mtoto hajatua mkoba.

Kazi yao msimu ule wa baridi ilikuwa mablanketi madogo ya kufunika miguu. Kiwanda cha majaketi kilichokuwa karibu kilikuwa kikitupa vipande vya kitambaa cha manyoya, kile kizito na laini ambacho ukikishika hutaki kukiachia. Shangazi aliviomba, akavileta kwa magunia. Kasuku alivichambua kwa rangi, akavikata miraba ya shibiri moja na kuvibana kwa pini, kisha shangazi akavishona. Mablanketi hayo yalikwenda kituo cha afya, kwa wagonjwa wanaoshinda kwenye viti vya magurudumu.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja. Kwenye kimto cha pini kulikuwa na pini arobaini. Zikitoka arobaini, zirudi arobaini, na hakuna blanketi linalovuka mlango kabla hazijahesabiwa.

"Manyoya haya yana tumbo," shangazi alizoea kusema. "Yanameza pini na hayatemi."

Kuhesabu ilikuwa kazi ya Kasuku, na shangazi alikuwa amemwahidi: mwezi mzima bila kosa, naye atakalia cherehani. Basi mtoto akawa anaiota ile cherehani, anakanyaga pedali hata chini ya dawati darasani.

Alhamisi moja ndiyo ikawa siku ya mwisho ya mwezi. Mablanketi sita yalikuwa yamekunjwa mezani, na muuguzi alikuwa njiani kuyachukua. Kasuku akahesabu pini. Thelathini na tisa.

Akahesabu tena, kwa kidole, moja moja. Thelathini na tisa. Akapitisha sumaku chini ya meza na kwenye pembe zote za chumba, akaokota sindano iliyovunjika na kifungo kimoja cha chuma, basi. Alijua kinachotakiwa: kumwambia shangazi, kukunjua mablanketi yote sita, kupapasa mshono kwa mshono. Lakini mwezi wake wote ungemwagika hapo hapo. Nje, geti likalia.

Pindo la sketi yake ya shule lilikuwa limefumuka tangu Jumatatu, naye alikuwa amelishikiza kwa pini ya kwao nyumbani. Akaichomoa. Akaichomeka kwenye kimto.

"Ngapi?" shangazi akauliza bila kuinua macho.

"Arobaini, shangazi."

"Hongera. Kesho utakalia cherehani."

Maneno hayo aliyasubiri siku thelathini. Sasa yalipofika hayakuwa na utamu wowote.

Muuguzi akaingia, mama mnene, mcheshi, mwenye maneno mengi, akaomba maji ya kunywa. Akalivuta blanketi la buluu.

"Hili ni la mzee dereva," akasema. "Ugonjwa wa sukari umemla hisia za miguu, kuanzia magoti kushuka chini hajui lolote. Juzi kokoto iliingia kwenye kiatu chake, akashinda nayo kutwa bila habari. Kwake hakuna kidonda kidogo. Jirani yake wa kitanda alichomwa na mwiba, tukaona si kitu. Leo ana mguu mmoja."

Akafunga mzigo wake, akaaga, akaenda.

Kasuku akashika ufagio. Akajiambia pini imeanguka uani. Akajiambia imebaki kwenye gunia, na kwamba muuguzi angeiona. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Sindano ya cherehani ilikuwa inapanda na kushuka, inachoma, inachoma, na yeye hakuweza kuiangalia.

Ghafla cherehani ikanyamaza.

"Kasuku."

"Naam, shangazi."

"Nusu saa nzima sijasikia neno humu. Wewe ukinyamaza, ama unaumwa ama kuna jambo. Na pindo lako mbona limeanguka? Ulipoingia lilikuwa limeshikwa na pini."

Wote wawili wakatazama kimto. Katikati ya pini za chuma kulikuwa na moja yenye kichwa cheusi, ngeni kabisa pale.

"Zilikuwa thelathini na tisa," Kasuku akasema, na machozi yakamtoka.

Shangazi hakumgombeza, na hilo likamtisha kuliko bakora. Alichukua sumaku akatoka, akaacha mlango wazi, yeye ambaye hufunga mlango hata akienda kuanika nguo. Walitembea upesi. Mawingu yalikuwa yameshuka na barabara ilikuwa imeanza kuwa tupu.

Wodini, muuguzi aliwasikiliza, na uso wake ukabadilika. Mablanketi matano waliyakuta karibu na mlango. Walipitisha sumaku juu ya kila moja, hakuna kitu. La sita lilikuwa dirishani. Mzee dereva alikuwa amelizungusha miguuni, kingo zake amezipenyeza chini ya mashavu ya miguu ili joto lisitoke.

"Karibuni," akasema kwa furaha. "Leo nimestarehe kama mfalme."

Shangazi akasogeza sumaku taratibu kwenye mishono. Penye mshono wa buluu na kijivu ikanata. Muuguzi akaliinua blanketi. Kwenye soksi nyeupe ya mzee palikuwa na doa jekundu, dogo kama punje ya mtama.

"Kuna nini?" mzee akauliza, akiwaangalia mmoja mmoja.

Kasuku ndiye aliyejibu. "Ni mimi, babu. Pini ilipotea kwenye blanketi lako. Nilijua, nikasema uongo."

Muuguzi akasafisha kidonda, akakifunga. "Sasa tungoje," akasema.

Kasuku alikwenda wodini kila siku baada ya shule. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu kuzunguka kidonda. Daktari aliitwa, dawa ikaongezwa, na muuguzi yule mcheshi hakucheka. Siku ya tano wekundu ulikuwa vilevile. Siku ya saba ukaanza kurudi nyuma. Siku ya kumi na mbili palibaki kovu tu, na mtoto akalia tena, safari hii kwa kushukuru.

"Njoo, mjukuu wangu," mzee akamwita. "Nimeendesha mabasi miaka thelathini. Breki ikiharibika njiani, hiyo ni ajali. Dereva akijua breki ni mbovu na bado akapakia watu, hiyo si ajali tena. Pini kupotea ni ajali, inampata yeyote. Kosa liseme lingali dogo, maana ukilificha halitabaki dogo."

Kasuku akaanza mwezi wake upya. Akazihesabu pini siku baada ya siku, na ilipofika siku ya mwisho, muuguzi akiwa amesimama mlangoni na kapu lake, akahesabu akapata thelathini na tisa. Akahesabu tena.

"Thelathini na tisa, shangazi."

Shangazi akamwomba muuguzi arudi kesho. Wakakunjua mablanketi yote, wakayapapasa, na pini wakaikuta kwenye la nne, imelala ndani ya pindo. Kasuku akairudisha kwenye kimto na kuanza kukunja upya, akijua siku thelathini nyingine zinamngoja.

Lakini shangazi alikuwa ameinuka kwenye kigoda cha cherehani. Alikipangusa kwa kiganja.

"Sikutaka mtu asiyepoteza pini," akasema. "Nilitaka mtu atakayeniambia ikipotea. Kaa hapa, tuanze na mshono ulionyooka."